Safaricom ama Airtel? Stori Yote ya Hisa za Simu, na Kwa Nini Mmoja Humpati NSE

Hii vita unaijua. Kuanzia Kaptembwo hadi Free Area, kuna msee wa kijani na msee wa nyekundu. Mmoja anakwambia Safaricom ndio baba yao, mwingine anacheka akisema bando za Airtel ni za watu wenye wanajua hesabu. Fiti. Lakini ukitoka kwa bando ukaingia kwa hisa, hiyo vita inageuka kabisa.

Kwa Soko la Hisa la Nairobi, ile tunaita NSE, kampuni ya laini za simu ni moja tu: Safaricom. Airtel Kenya haiko hapo na haijawahi kuwa hapo. Telkom pia hakuna. Sasa jamaa wa steji akikushow ati "mi nimewekeza Airtel", muulize kwa upole: ulinunulia wapi, London, Lagos ama Kampala?

Hisa, kwa wenye hawako rada, ni kipande kidogo cha kampuni. Safaricom imekatwa vipande zaidi ya bilioni 40. Ukiwa na kimoja, wewe ni mmojawapo wa wenyewe, hata kama ni kidogo kiasi hakuna mtu atakusalimia kwa hiyo. Unakula njia mbili: bei ikipanda uuze, ama kampuni ikigawa faida, ule mgao.

Vile wazazi wako waliingia

Rudi 2008. Januari Nakuru ilikuwa inaungua, watu wamelala kwa hema pale Showground. Mkataba wa Kibaki na Raila ulisainiwa Februari 28. Mwezi mmoja baadaye, Machi 28, serikali ikafungua mauzo ya hisa za Safaricom kwa umma. Shilingi 5 kila moja, hisa bilioni 10, yaani asilimia 25 ya kampuni. Kidogo zaidi ungeweza kuomba ni hisa 2,000, so lazima uwe na thao kumi mkononi.

Hata hapo siasa iliingia. ODM walitaka hiyo kitu isimame kwanza, wakiuliza Mobitelea ni nani. Hiyo ni kampuni ya siri ilikuwa imepata kipande cha Safaricom kupitia Vodafone Kenya, na wenyewe hawakuwa wanajulikana. Kwa hivyo huku Bonde la Ufa kununua hisa haikuwa hesabu peke yake. Kuna keja zilinunua na kuna keja zilikataa, na ukiuliza wazee vizuri utasikia sababu haikuwa pesa.

Bado watu walijaa. Kenya nzima foleni kwa benki na kwa mabroka, wengine wameuza ng'ombe, wengine wamechukua loni. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara 5. Ndio shida ilianzia hapo. Mwananchi wa kawaida alipewa asilimia 21 ya kile aliomba. Aliyeomba 2,000 akapata 420. Aliyekopa laki moja kununua hisa 20,000 akapata 4,200 za thao 21, hiyo ingine thao 79 ikarudishwa, na riba ya benki inamngoja kwa laki yote. Hebu fikiria hiyo.

Juni 9, 2008 hisa zikaanza kuuzwa sokoni. Zikapanda kwanza, watu wakashangilia. Kufika 2009 zilikuwa zimeanguka chini ya shilingi 3. Mgao wa mwaka huo? Senti 10 kwa hisa. Mwenye hisa 420 alipata bob 42, kabla ushuru. Hiyo haikutoshi nauli ya kwenda Nairobi kulalamika.

Ndio maana ukibonga na mbuyu yako kuhusu hisa leo anaweza kukufukuza. Msimcheke. Kizazi kizima kilifunzwa soko la hisa na hizo miezi 12, na Machi hiyo hiyo ya 2008 broka mmoja mkubwa, Nyaga Stockbrokers, alikuwa amewekwa chini ya usimamizi wa wadhibiti baada ya kuyumba. Watu walitishwa pande zote.

Airtel walipiga bei, mwenye hisa akasikia

Airtel imebadilisha jina kama msee anahepa deni: Kencell 2000, Celtel, Zain, halafu Airtel kutoka 2010. Agosti ya huo mwaka, ikiwa bado Zain, ilishusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom ikalazimika kufuata. Kwako mteja, raha. Kwa mwenye hisa za Safaricom, kila dakika sasa inaingiza kidogo.

Kilichookoa wenye hisa ni M-Pesa, ambayo ilianza Machi 2007 na ikakua mpaka ikawa sababu watu hawahami laini hata kama simu kwingine ni rahisi. Unaweza chukia bei ya bando mpaka asubuhi, bado mama mboga wa Top Market atakuuliza utalipa na till.

Sasa Airtel unaipata wapi?

Kampuni mama, Airtel Africa, iliingia soko la London Juni 2019 kwa pensi 80 kwa hisa, halafu Nigeria mwezi uliofuata. Ndani yake kuna nchi 14, Kenya ikiwa moja. Kwa hivyo ukiinunua, unanunua zaidi Nigeria na wenzake kuliko ile laini yako ya Naivasha. Na imelipa: 2025 ilipita pensi 200.

Uganda ni tofauti kidogo. Leseni za huko zinataka kampuni kubwa za simu ziuzie umma asilimia 20. MTN Uganda iliingia soko la Kampala Desemba 2021, Airtel Uganda ikafuata Novemba 2023 kwa shilingi 100 za Uganda. Zote mbili hazikumaliza kuuza. Airtel iliuza karibu asilimia 11 peke yake. Linganisha na foleni za Kenya 2008. Kununua huko unahitaji akaunti ya soko la Uganda na broka anafanya kazi huko. Hakuna njia ya mkato, na mtu akikuuzia "hisa za Airtel Nakuru" kwa grupu ya WhatsApp, huyo anakuibia.

Vita ya ukweli ni hii

Wanaobishana sana si kijani na nyekundu. Ni watu wenye hisa ile ile moja walionunua miaka tofauti. Agosti 2021 Safaricom ilifika karibu shilingi 45. Mei ya huo mwaka ilikuwa imepata leseni ya Ethiopia, dola milioni 850, na kila mtu alikuwa ameshikwa na homa. Kumbe Ethiopia ni kumwaga pesa kwanza, miaka. Riba za Marekani zikapanda, wazungu wakauza wakaenda. Kuingia 2024 ilikuwa inacheza kama 12.

Sasa chukua mgao wa shilingi 1.20 uliolipwa kwa mwaka ulioisha Machi 2025. Mathe aliyenunua kwa 5 anakula asilimia 24 ya pesa aliweka. Aliyenunua kwa 12 anakula asilimia 10. Aliyenunua kwa 45 anakula chini ya asilimia 3, na bado hajaona pesa yake. Wote watatu wako ploti moja Section 58, wote wanaongea ukweli. Ukitaka kujua kama maoni ya mtu yanakufaa, muulize kwanza alinunua kwa ngapi.

Desemba 2025 kelele zikaanza upya: serikali, ilikuwa na asilimia 35, ikatangaza mpango wa kuuzia Vodacom asilimia 15 kwa shilingi 34 kwa hisa, dili ya zaidi ya bilioni 200. Bei ya soko ilikuwa chini ya hiyo. Wengine wakasema ni bei poa, wengine wakasema mnauza ng'ombe wa maziwa. Mimi naona wa pili wana hoja, juu mgao huja kila mwaka na bei unalipwa mara moja.

Ukitaka kuingia

Fungua akaunti ya CDS kwa broka mwenye leseni ya CMA. Kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya benki, basi. Zamani ulilazimika kununua hisa 100 kwenda juu. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata moja. Ada hufika karibu asilimia 2 ukinunua na tena ukiuza, so kuingia na kutoka kila wiki ni kulisha broka. Mgao hukatwa ushuru wa asilimia 5.

Na kabla ununue, cheki nyumbani. Zile 420 za 2008, kwa mgao wa 1.20, zinaleta bob 504 kwa mwaka kabla ushuru, na kwa bei ya 34 ni zaidi ya thao 14. Kuna mabuda walikufa bila kuambia mtu, na mgao usiodaiwa kwa miaka hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, UFAA. Hazijapotea, ila utahitaji cheti cha kifo na karatasi za urithi kutoka kortini. Tafuta karatasi ya CDS kwa lile sanduku la vyeti vya shule, chini kabisa, pale huwa wanaweka.