Nani Alimuuliza Mama?

Mama akirudi nyumbani na mtoto mchanga, iwe Kondele au Nyalenda, wageni huja na sukari, sabuni na maswali. Mtoto anaendeleaje? Ananyonya vizuri? Amefanana na nani? Mama mwenyewe ataulizwa hali siku akianza kurusha vyombo. Akikaa kimya akiangalia ukuta, ataitwa mvivu, ama itanong'onezwa kwamba ni chira, yaani kuna mwiko umevunjwa pale nyumbani. Hospitalini ukimya huo una jina, sonona. Sisi mtaani tunasema depresheni. Na una historia yake, ambayo kwa kweli ni historia ya nani aliuliza na nani hakuona haja ya kuuliza.

Tuanzie Mathari, Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa 1910. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliikabidhi kwa daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na ndani yake alidai kwamba sonona ni nadra kwetu, ati Mwafrika habebi mzigo wa kujilaumu kama Mzungu. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa wagonjwa waliofikishwa Mathari. Sasa jiulize, ni nani angetolewa Kisumu, zaidi ya kilomita 300, apelekwe huko? Ni yule aliyewashinda chifu na polisi. Mama aliyelia usiku peke yake kule Kano hakuna aliyempandisha treni. Hakuhesabiwa, halafu ikaandikwa kwamba hayupo.

Jibu lilitoka ng'ambo ya ziwa. Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, akifanya kazi Makerere, alikwenda kliniki ya Kasangati nje ya Kampala kuwauliza wajawazito wanavyojisikia. Utafiti wake wa wanawake 263 ulichapishwa 1979. Huko Waganda tayari walikuwa na neno, amakiro, kwa ugonjwa wa akili unaompata mzazi, na walidhani chanzo chake ni uzinzi wakati wa mimba. Mwaka 1983 Cox akalinganisha kina mama wa Uganda na wa Scotland. Sonona ya uzazi haikutofautiana sana kwa wingi. Mwaka 1987, yeye na wenzake walitoa maswali kumi ya Edinburgh, ambayo leo yanatumika duniani kote. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie depresheni ni mambo ya wazungu. Mmoja wa waliotunga dodoso hilo alikuwa amejifunza kwa kina mama wa upande wetu.

Lakini daktari hawezi kupiga hodi kila nyumba. Hapo ndipo Asembo, Siaya, inapoingia. Miaka ya 1980 mradi wa Saradidi, chini ya Dkt. Dan Kaseje, uliwaachia wanavijiji wachague wenyewe watu wa kufundishwa afya na kugawa dawa ya malaria. Walifanya kazi bila mshahara. Waluo wengi bado wanamwita mhudumu wa aina hiyo nyamrerwa, jina walilokuwa nalo tangu zamani kwa mwanamke anayejua dawa na kuzalisha. Kazi ilikuwa malaria na kuhara, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na mtu anayejulikana alikuwa ndani.

Kwamba mtu huyo anaweza pia kutibu huzuni kulithibitishwa Pakistan. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walionyesha kwamba wahudumu wa kijiji, wakifundishwa kukaa na mama na kupanga naye hatua ndogondogo, hupunguza sonona. Baada ya miezi sita, asilimia 23 ya waliotembelewa hivyo bado walikuwa nayo, dhidi ya 53 ya wengine waliotembelewa bila mafunzo hayo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, lilelile la kitabu cha Carothers, likachapisha mwongozo wa kazi hiyo.

Kwetu, Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, kipimajoto na kipima sukari. Malipo yalitangazwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Kwa sonona hakuna kifaa mkobani. Kifaa ni swali, na muda wa kungoja jibu.

Na jibu lilikuwa na hatari. Swali la kumi la Edinburgh linauliza kama wazo la kujidhuru limemjia mama. Mpaka Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Mama aliyejaribu alikuwa mgonjwa na mshukiwa kwa wakati mmoja. Ungekuwa wewe, ungemwambia jirani mwenye fomu mkononi?

Leo anaweza kusema bila kuogopa seli. Kilichobaki ni sisi kuamua kama yule jirani, aliyetembea Obunga juani kwa shilingi 5,000, atalipwa kwa wakati, atafundishwa kusikiliza, na atakuwa na mahali pa kumpeleka mama akishajibu. Tusipofanya hivyo, tutarudi kwa Carothers: tutatazama daftari tupu na kusema kina mama wetu wako sawa.