Mnara wa Makerere: Jengo Lililotangulia Chuo Kikuu

Sisi wahakiki tumezoea kuutaja mnara wa pembe za ndovu kama sitiari ya usomi uliojitenga na umma. Huko Makerere, hata hivyo, sitiari hiyo imekuwa jina la jengo halisi, na yamkini jina limetuzuia tusilisome jengo lenyewe.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofunzwa useremala, ujenzi na umakanika. Jengo kuu, lenye kuta nyeupe, safu ya nguzo na mnara wa saa, lilikamilika mwaka 1941. Wakati huo hakuna shahada iliyotolewa kilimani hapo. Uhusiano na Chuo Kikuu cha London, uliofungua njia ya shahada, ulikuja mwaka 1949. Hivyo basi, sura ya chuo kikuu ilitangulia chuo kikuu kwa miaka minane. Nguzo zile hazikutokana na ujenzi wa Waganda, wala wa waungwana wa pwani. Zilimwonyesha mtazamaji ni wapi elimu ya juu ilidhaniwa kutoka.

Lugha nayo ilifuata mkondo huo. Mkutano mashuhuri wa waandishi uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962 ulikuwa wa wale waliotumia Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi uo huo, hakuwa na mahali humo. (Ngũgĩ, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, aliirejea kasoro hiyo baadaye bila kuchoka.)

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, jengo liliteketea. Hapo ndipo sitiari ilipovunjika. Humo mlikuwa na ofisi za fedha na kumbukumbu za wanafunzi. Kwa hiyo wengi walihofia majina na matokeo ya mitihani kabla ya kuzililia nguzo. Mnara uliodaiwa kujitenga ulikuwa umehifadhi karatasi ambazo maelfu ya familia zilizitegemea.

Serikali ya Uganda iligharimia ujenzi mpya, na mwaka 2024 jengo likafunguliwa tena likiwa na sura ile ile ya 1941. Baadhi yetu tungependa usanifu mwingine. Lakini safari hii sura hiyo haikuletwa na mkoloni: waliochagua kuirudisha ni warithi wake, na mhakiki anayeliita jengo hilo nakala tu ya Ulaya hana budi kuueleza uchaguzi huo.