Kabla ya Kuliita Shairi Guni

Shairi lililopungukiwa mizani huitwa guni, na kumwambia mtunzi kwamba ametunga guni si jambo dogo. Nusura nimtie marehemu babu yangu hatiani kwa kosa hilo, kumbe mkosaji hakuwa yeye. Nawasimulia wapenzi wa ushairi kisa hiki kwa kuwa kilinirudisha kwenye historia ya vyombo vilivyobeba tungo zetu, na kikanifunza namna ya kuvihoji.

Chombo cha kwanza kilikuwa kumbukumbu, kikafuatiwa na kalamu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilidumu vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, katika miaka ya 1880. Diwani yenyewe ilihaririwa na William Hichens, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Hebu tafakari: karne nzima tangu kifo cha mtunzi hadi kitabu! Tena hati ile ina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Palipokuwa na shaka kati ya i na e, kina kiliweza kumwongoza msomaji. Na neno lilipodondoka mkononi mwa mnakili, mizani ilitoa ushahidi kwamba kuna kitu kimepungua. Vina na mizani, basi, havikuwa pambo tu. Vilikuwa pia walinzi wa mali.

Kisha ikaja sauti yenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Lakini santuri ilihitaji kampuni, mitambo na safari. Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyomwezesha mtu wa kawaida kujinasa sauti akiwa barazani kwake. Babu yangu alifanya hivyo. Alighani mashairi yake upande mmoja wa kanda, wala hakuyaandika popote. Kanda hiyo ikakaa miaka mingi ndani ya kopo la biskuti.

Nilipoona utando wake umeanza kuchakaa, nilinunua kigeuzi kidogo cha kubebeka: unatia kaseti, unachomeka waya wa USB, na sauti inaingia katika kompyuta. Kompyuta yangu hutumia Linux, nami sikutarajia taabu. Kanuni za pamoja za vifaa vya sauti vya USB ziliwekwa mwaka 1998. Mwaka huohuo Jaroslav Kysela wa Ucheki alianzisha ALSA, mfumo unaoiwezesha Linux kuzungumza na vifaa vya sauti. Ukawa sehemu rasmi ya toleo la 2.6 mwishoni mwa mwaka 2003. Kifaa kinachofuata kanuni hizo hutambuliwa bila kutafutiwa programu ya ziada.

Jaribio la kwanza lilinipa kikohozi changu mwenyewe na jogoo wa jirani. Sauti ya babu haikuwamo. Niliandika amri ya arecord -l, inayoorodhesha vifaa vyote vya kunasia sauti, nikakiona kigeuzi kimo. Tatizo lilikuwa uteuzi: programu ya kurekodi ilikuwa ikisikiliza maikrofoni ya ndani ya kompyuta. Nilipoielekeza kwenye kigeuzi, na kupunguza kiwango cha sauti ili isipasuke, babu akaanza kughani.

Nikaanza kunakili. Mashairi yake ni ya mizani 16, nane kwa nane. Katika ubeti wa tatu nikafikia kipande cha utao kilichosikika hivi: “mwenye kulalamika”. Nikahesabu kwa vidole, nikapata saba. Nikahesabu tena, zikawa saba zilezile. Kwa huzuni nikasema mzee alichoka siku ile. Nami, kwa kumsitiri, nikaongeza kwa penseli “ni” mwanzoni: “ni mwenye kulalamika”. Mizani ikatimia.

Hata hivyo moyo haukutulia, kwani babu hakuwa mtu wa kulalamika. Nikairudisha kanda, safari hii nikisikiliza kwa spika za masikioni zilizochomekwa kwenye kigeuzi chenyewe, kabla sauti haijaingia katika kompyuta. Nikamsikia waziwazi: “si mwenye kulalamika”. Silabi moja ilikuwa imemezwa njiani, nami nikaijaza kwa kinyume chake!

Nikarekodi upya. Mshororo ule ukawa mzima, lakini mwingine ukapungua. Hapo nikajua kwamba kasoro haimo kwenye kanda, maana kasoro ya kanda haihami. Nilipotumia arecord badala ya programu ya kwanza, ikaandika neno overrun, maana yake sampuli za sauti zimefurika ghala la muda na nyingine zikapotea. Kwa ubora niliouchagua, kompyuta ilipaswa kupokea sampuli 44,100 kila sekunde. Mimi nilikuwa nimechomeka kigeuzi na diski ya nje katika kisanduku kimoja cha kugawa matundu ya USB, kisha nikaiamuru kompyuta iandike rekodi kwenye diski hiyohiyo. Njia moja nyembamba, wasafiri wawili. Nikachomeka kigeuzi moja kwa moja kwenye kompyuta, nikahifadhi rekodi kwenye diski ya ndani, na kuongeza ukubwa wa ghala lile. Nikarekodi upande mzima, na mishororo yote ikatimiza mizani yake.

Programu ya kwanza haikutoa onyo lolote. Aliyetoa onyo ni babu mwenyewe, kwa kutunga kwa kipimo. Lakini mizani ilinijulisha tu kwamba kuna pengo. Haikuniambia la kulijaza. Najiuliza ni wahariri wangapi, wakiwa na nia njema kama yangu, waliotia “ni” mahali pa “si” katika tungo za wakale, wasiwe na kanda ya kurudia. Kwa hiyo ndugu mhakiki, ukikuta mshororo umepunguka, hoji kwanza mnakili, hati, kanda na waya. Mtunzi awe wa mwisho kushtakiwa. Na penseli yako iache pengo lionekane.