Midland Grand: Hoteli ya Mlangoni mwa Stesheni

Hoteli ya Midland Grand, iliyojengwa mbele ya stesheni ya St Pancras jijini London, ilianza kupokea wageni tarehe 5 Mei 1873. Ilikuwa mali ya kampuni ya reli ya Midland, yenye makao yake mjini Derby. Awali treni za kampuni hiyo ziliingia London kama mpangaji: zilitumia njia ya kampuni ya Great Northern na kuishia King's Cross, na mwenye njia alitanguliza zake. Mwaka 1862, watu walipofurika London kutazama maonyesho makubwa ya kimataifa, msongamano ulizidi na treni za Midland zikakwama. Mpangaji akaamua kujenga kwake.

Kiwanja hakikuwa rahisi. Reli ilibidi ipite juu ya mfereji wa Regent, hivyo majukwaa yakawa juu sana kuliko barabara. Mhandisi William Barlow hakuiacha bure nafasi iliyobaki chini. Aliifanya ghala la bia kutoka Burton, na nguzo zake akazipanga kwa kipimo cha mapipa. Juu ya majukwaa akatandaza paa la chuma na kioo lenye upana wa mita 73, bila nguzo hata moja katikati. Njia ya reli ilikata pia makaburi ya kanisa kongwe la St Pancras, na mifupa ya maelfu ya watu ikahamishwa. Miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo alikuwamo kijana Thomas Hardy, aliyekuwa akifanya kazi kwa msanifu majengo, miaka kadhaa kabla ya kujulikana kwa riwaya zake. Stesheni ilifunguliwa Oktoba 1868.

Hoteli ilikuja baada ya stesheni. Katika shindano la kuisanifu la mwaka 1865, msanifu majengo George Gilbert Scott aliwasilisha ramani kubwa na ya gharama zaidi kuliko ilivyoagizwa. Wakurugenzi waliichagua hata hivyo, ingawa baadaye waliipunguza ghorofa moja. Matofali mekundu yalitoka Nottingham, katika eneo lililohudumiwa na reli ya Midland yenyewe, kwa hiyo kuta za hoteli zilikuwa tangazo la biashara kwa kila aliyepita barabara ya Euston. Kazi yote ilikamilika mwaka 1876. Ndani, ngazi kuu hupanda pamoja, hugawanyika mikono miwili na kuendelea juu, huku mihimili ya chuma inayoibeba ikiachwa wazi na kupambwa badala ya kufichwa. Hakuna sehemu ya jengo inayoonyesha ustadi wa Scott zaidi kuliko hiyo.

Kulikuwa na lifti zilizosukumwa kwa nguvu ya maji, na sakafu za zege za kuzuia moto usisambae. Kilichokosekana ni bafu. Kwa vyumba vilivyokaribia 300, mabafu hayakufika 10. Mgeni aliyetaka kuoga alipiga kengele. Mtumishi akaleta hodhi la kubebeka, akalitua mbele ya meko, kisha akaanza safari za kupandisha majagi ya maji ya moto. Mgeni akimaliza, maji machafu yaliteremshwa kwa mikono ileile, pamoja na vyombo vya haja vya usiku na majivu ya makaa ya mawe. Mwaka 1873 hilo halikuwa aibu, kwani nyumba za matajiri ziliendeshwa vivyo hivyo na ujira wa watumishi ulikuwa mdogo.

Mambo yalibadilika upesi. Hoteli ya Savoy ilifunguliwa mwaka 1889 ikiwa na taa za umeme na mabafu mengi, na wageni wenye fedha wakazoea kufungulia maji wenyewe. Midland Grand haikuweza kufuata. Zege na kuta nene zilizowalinda wageni dhidi ya moto ndizo zilizofanya kazi ya kupitisha mabomba iwe ghali kupita kiasi. Gharama za jeshi la watumishi zikazidi mapato, na mwaka 1935 hoteli ikafungwa. Jengo likawa ofisi za reli.

Baada ya vita vya pili vya dunia wengi waliliona kuwa mzigo. Karibu na hapo, lango kubwa la mawe la stesheni ya Euston lilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na uchungu wa hasara hiyo uliwaamsha watu. Mshairi John Betjeman na mwanahistoria wa usanifu Nikolaus Pevsner walikuwa mstari wa mbele kuitetea St Pancras, na mwaka 1967 ikawekwa katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria. Hata hivyo ofisi nazo zilihama katika miaka ya 1980, na vyumba vikabaki vitupu kwa muda mrefu.

Uhai ulirudi kwa reli. Treni za Ufaransa na Ubelgiji zilihamia St Pancras Novemba 2007, na hoteli ikazinduliwa upya rasmi tarehe 5 Mei 2011, miaka 138 kamili baada ya ufunguzi wa kwanza. Ukumbi wa kukatia tiketi umegeuzwa baa. Kati ya vyumba 245, vingi vimo katika jengo jipya lililoongezwa kwa nyuma. Katika jengo la Scott vimo 38 tu, vikubwa, kila kimoja na bafu lake.