Skrini mbili kwa kazi ya picha: jinsi ya kuziunganisha na kuzifanya zikubaliane rangi

Msikilizaji wetu mmoja mwenye studio ya picha alifika kituoni akiwa na picha mbili za harusi. Picha ni ile ile, bibi harusi yule yule. Katika ya kwanza ana rangi yake ya maji ya kunde. Katika ya pili uso umekuwa mwekundu kama wa mtu aliyeungua jua. Familia ilikataa albamu, naye akalazimika kuchapa upya kwa fedha yake.

Kamera haikuwa na kosa, wala mashine ya kuchapia. Alikuwa amenunua skrini ya pili ya mtumba, akaiweka kando ya ile ya zamani, kisha akarekebisha picha nyingine kwenye skrini hii na nyingine kwenye ile. Tuliligusia jambo hili kwenye kipindi, na wengi mkaomba tuliandike ili mlisome taratibu kwenye simu.

Faida ya skrini mbili

Ukiwa na skrini moja, picha unayoitengeneza inagombania nafasi na zana za programu na orodha ya picha nyingine. Ukiwa na mbili, picha inakaa peke yake mbele yako, na vitu vingine vyote vinahamia pembeni. Kwa mwenye picha za harusi za kuchambua na kusafisha, hilo linaokoa muda mwingi.

Kabla ya kununua

Kwanza tazama nyuma ya boksi la kompyuta, lile wengi wanaloliita CPU, uone lina matundu gani ya skrini. Yanayopatikana zaidi ni VGA, lenye vitundu 15 vidogo, pamoja na HDMI na DisplayPort. Kama lina tundu moja tu, huenda ukahitaji kuongeza kadi ya picha. Mwenye laptopu yenye HDMI yuko karibu zaidi: skrini yake ni ya kwanza, anahitaji moja tu ya nje.

Pili, angalia aina ya skrini. Zile za IPS hazibadiliki sana rangi unapozitazama kwa pembeni. Zile za TN, ambazo ni nyingi kwenye mitumba ya maofisini, hubadilika. Jaribu hapo hapo dukani: fungua picha ya uso wa mtu, kisha inua kichwa, kiinamishe, sogea kushoto na kulia. Uso ukibadilika rangi, skrini hiyo inafaa kuwekea zana, lakini si kuamulia rangi.

Kuunganisha hatua kwa hatua

1. Zima kompyuta. Kama ina kadi ya picha, chomeka skrini zote mbili kwenye kadi hiyo. Kwenye kompyuta nyingi, matundu mengine ya nyuma huacha kufanya kazi kadi ikiwekwa.

2. Pendelea HDMI au DisplayPort kwa skrini kuu. VGA inafanya kazi, ila picha huweza kuonekana na ukungu kidogo.

3. Washa kompyuta. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha chagua la tatu, linalotandaza kazi kwenye skrini zote mbili. La pili huonyesha kitu kile kile kote, na hilo halitakusaidia.

4. Bonyeza upande wa kulia wa kipanya mahali patupu, ingia kwenye mipangilio ya skrini. Utaona vibox viwili, namba 1 na 2. Vivute vikae kama skrini zilivyokaa mezani, ili mshale uvuke upande ulio sahihi. Kisha chagua ipi iwe kuu.

5. Fungua programu yako, uvute visanduku vya zana hadi skrini ya pembeni. GIMP, ambayo ni ya bure, inaruhusu hivyo.

Skrini moja iwe hakimu

Hapa ndipo msikilizaji wetu alipoteleza. Skrini mbili, hata zikitoka kiwandani siku moja, si lazima zilingane. Na taa ya ndani hufifia kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo chagua iliyo bora iwe hakimu. Rangi ya ngozi, weupe wa shela na giza la suti viamuliwe hapo tu.

Kisha zisogeze karibu kadiri unavyoweza. Ziache ziwake kama nusu saa. Kwa vitufe vya skrini zenyewe, chagua sRGB kama ipo. Ndicho kipimo cha rangi kinachotumiwa na simu, intaneti na sehemu nyingi za kuchapa. Fungua karatasi nyeupe tupu kwenye zote mbili, urekebishe mwangaza hadi zifanane. Windows pia ina msaidizi wa kazi hii: andika dccw kwenye sehemu ya kutafutia, ufuate maelekezo. Kipo pia kifaa cha kupima rangi kinachobandikwa kwenye kioo, na ndicho sahihi zaidi, lakini bei yake ni kubwa kwa studio changa.

Mwisho chapa picha moja ya uso, uilinganishe na skrini ya hakimu. Picha zikitoka na giza kila mara, mara nyingi skrini ndiyo yenye mwangaza mkali mno. Upunguze.

Mahali pa kuziweka

Hakimu akae mbele yako, umbali wa mkono ulionyooka, ukingo wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo. Ya pili ikae kando, imegeuziwa kwako kidogo. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma yako wala mbele yako. Usiweke meza karibu na pazia jekundu au la bluu la kupigia picha, maana rangi yake huakisi kwenye kioo na kudanganya macho.

Umeme

Skrini ya LED ya inchi 22 au 24 hutumia takribani wati 20 hadi 30. Ukiiwasha saa 8 kwa siku, itamaliza kama uniti moja kwa siku tano. Mahali ambapo umeme hukatika, boksi na skrini ya hakimu vikae kwenye UPS, upate dakika za kuhifadhi kazi.

Kama huna fedha ya skrini ya pili, usikope kwa haraka. Skrini moja iliyorekebishwa vizuri itamrudisha mteja wako kuliko mbili zinazobishana.