Sikio na Kipimo: Historia ya Ugomvi wa Amplifaya

Walio katika vikundi vya kusikiliza waketi karibu na redio, na katibu wa kikundi ashike kalamu, maana mwishoni yapo maswali ya kujadiliana.

Leo tuanzie Sanya Juu. Mkulima wa huko anapopeleka kahawa yake chamani, kitu cha kwanza kinachomkabili ni mizani. Mizani haina ndugu wala rafiki. Kilo ni kilo. Lakini kilo si mwisho wa maneno. Sampuli ya kahawa hupelekwa ikaonjwe. Mwonjaji huchota kwa kijiko, huvuta kwa nguvu, hutema, kisha husema hii ni ya daraja gani. Basi mizani ni kipimo cha chuma, na ulimi ni kipimo cha mtu. Mkulima hulipwa kwa vyote viwili.

Sasa fikirini vipimo hivyo viwili vikigombana. Chuma kinasema kahawa hizi mbili ni sawa, ulimi unasema si sawa hata kidogo. Nani aaminiwe? Ugomvi wa namna hiyo umeendelea huko Uingereza na Marekani kwa zaidi ya miaka sitini, si juu ya kahawa, bali juu ya amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti ya santuri na redio. Watu wameuziana chombo kimoja kwa bei ya kununua shamba, na wengine wakasema mnunuzi amenunua hewa.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Wenye mashamba mlimani wanaujua mfongo, mfereji wa maji ya kumwagilia. Mtoto mdogo anaweza kuinua kizuizi cha mfongo kwa mkono mmoja, na maji mengi yakashuka shambani. Nguvu si ya mtoto; nguvu ni ya maji. Mkono wa mtoto unaongoza tu. Amplifaya hufanya vivyo hivyo. Umeme dhaifu unaotoka katika sindano ya santuri ndio mkono wa mtoto. Umeme wa betri au wa waya ndio maji. Na spika ndiyo shamba. Amplifaya njema ni ile inayofuata mkono bila kuongeza wala kupunguza. Ikiongeza lake, sauti hukwaruza.

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza valvu yenye vipande vitatu ndani yake, na ndiyo iliyokuja kufungua njia ya kukuza sauti kwa umeme. Mwaka 1927 mwenzake Harold Black, fundi wa simu, aligundua namna ya kurudisha sehemu ya umeme unaotoka na kuulinganisha na ule unaoingia, ili makosa yajisahihishe yenyewe. Mwaka 1947 Mwingereza D. T. N. Williamson aliandika katika gazeti la Wireless World jinsi ya kuunda amplifaya ya valvu isiyokwaruza, na mafundi wengi wakaiunda nyumbani kwao. Mwishoni mwa mwaka huo huo transista ikazaliwa huko Marekani katika maabara ya Bell.

Na sisi huku tulikuwa wapi? Mwaka 1949 ilitolewa redio iliyofanywa hasa kwa ajili ya Waafrika wa vijijini. Harry Franklin, mkuu wa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alihangaika mpaka kiwanda cha Ever Ready cha Uingereza kikakubali kuiunda. Kasha lake lilikuwa la mviringo kama sufuria, na kwa sababu hiyo ikaitwa redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa paundi tano, yaani shilingi mia moja za wakati ule, na betri ilinunuliwa mbali. Mwaka 1951 Dar es Salaam nayo ikaanza kutangaza. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Transista zilipofika, redio ikawa nyepesi, ikaweza kuning'inizwa begani na kwenda nayo shambani. Wengi walioipenda sauti ya Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake waliisikia kwa spika moja, ndogo kuliko kisahani.

Kumbe huko ng'ambo transista zilianzisha vita. Amplifaya za kwanza za transista za miaka ya 1960 zilionyesha hesabu nzuri sana kwenye vyombo vya kupimia. Lakini wasikilizaji walilalamika kwamba zinachosha masikio. Mafundi wakawacheka. Baadaye ikaonekana kwamba wasikilizaji walikuwa na haki. Vipimo vilifanywa sauti ikiwa kubwa, na makosa ya transista yalikuwa makubwa zaidi sauti ikiwa ndogo, pale ambapo kazi hupokezanwa kutoka transista moja hadi nyingine. Raundi ya kwanza ikawa ya sikio.

Ushindi ule ulizaa jambo jingine. Mwaka 1962 J. Gordon Holt alianzisha gazeti la Stereophile, akishika neno hili: chombo cha muziki kihukumiwe kwa kusikilizwa. Mwaka 1973 Harry Pearson alianzisha The Absolute Sound kwa imani hiyo hiyo. Hoja yao ilikuwa na uzito. Walisema magazeti makubwa hula kwa matangazo ya wenye viwanda, basi yatawezaje kusema kweli? Lakini hukumu ya sikio nayo ilikuwa na hatari yake. Mhakiki aliijua bei kabla ya kusikiliza. Aliliona kasha zito lenye kung'aa. Macho yakaanza kusaidia masikio, na bei zikapanda.

Ndipo wengine wakasema: tufunike vyombo kwa kitambaa. Mwaka 1978 kiwanda cha Quad cha Uingereza kiliruhusu amplifaya zake tatu zijaribiwe, moja ya valvu na mbili za transista, mbele ya wasikilizaji wazoefu wasiojua ipi inapiga. Hawakuweza kuzitofautisha. Mwaka 1985 Mmarekani Bob Carver aliwaambia wahariri wa Stereophile kwamba atairekebisha amplifaya yake ya bei nafuu mpaka ilie sawasawa na ile ya bei kubwa watakayoichagua wao. Alifanya kazi hiyo katika chumba cha hoteli, na wahariri wakakiri kwamba wameshindwa kuzitenga. Mwaka 1987 gazeti la Stereo Review lilikusanya wasikilizaji 25 na amplifaya za bei mbalimbali, kutoka kama dola 220 hadi dola 12,000. Majibu yao, yalipohesabiwa, yalikuwa kama ya mtu anayerusha sarafu.

Je, ugomvi ukaisha? La. Waliopinga walisema kwamba mtu aliyewekwa kwenye mtihani huwa na wasiwasi. Kwamba sauti hujulikana kwa kuishi nayo wiki nyingi, si kwa dakika mbili. Tusiwadharau. Mke humjua mume kwa miaka, si kwa siku ya posa. Lakini hoja hiyo ina dawa yake: kaa na chombo mwezi mzima, kisha kifunikwe, uambie watu ni kipi. Kama tofauti ni kubwa kama ulivyoandika gazetini, kitambaa hakitaizuia.

Hapa nawaomba wenye vikundi wasikilize vizuri, maana jambo hili lina fedha ndani yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio. Mahali kama hapo aliyeketi nyuma asiposikia, hajasoma. Kikundi, kwaya au shule ikichanga fedha kununua amplifaya, kila shilingi imetoka kwenye kahawa, maziwa au mahindi ya mtu. Basi mjue mambo matatu.

La kwanza: sauti iliyozidi nyingine kidogo tu huonekana nzuri zaidi. Muuzaji mjanja akitaka ununue ya ghali, huipandisha kidogo. Kabla ya kulinganisha, sauti zisawazishwe.

La pili: wati nyingi hazina miujiza. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili, nguvu hutakiwa iongezeke kama mara kumi. Kutoka wati 50 hadi 100 ni hatua ndogo. Mara nyingi spika bora, na mahali pazuri pa kuiweka, huleta faida kuliko amplifaya ya bei ya juu.

La tatu: jaribuni kwa haki. Wimbo mmoja, kitambaa mbele ya vyombo, na mtu mmoja akirusha sarafu kuchagua kipi kipigwe. Fanyeni mara 16, andikeni majibu. Anayebahatisha hupata 12 au zaidi chini ya mara nne katika kila majaribio mia. Akipata 12, mpeni heshima yake; sikio lake limesikia kitu. Akipata 8, fedha zirudi kibindoni.

Ndugu wasikilizaji, sisemi kwamba mpenda vyombo vizuri ni mpumbavu. Mtu akinunua kasha kwa uzuri wake, na fedha ni zake, ni haki yake, kama anayevaa saa ya dhahabu ingawa ya bati inaonyesha saa ile ile. Kosa ni kumwambia jirani kwamba dhahabu ina saa sahihi zaidi. Historia imetuonyesha kwamba kipimo kilidanganya siku moja, sikio likakisahihisha. Na sikio lilidanganywa na macho siku nyingine, kitambaa kikalisahihisha. Mwonjaji mwema haulizi kahawa ni ya shamba la nani. Huonja kwanza, jina hulisikia baadaye.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kwa nini vipimo vya amplifaya za kwanza za transista havikuonyesha kosa ambalo masikio yalilisikia?
2. Taja kitu kimoja sokoni ambacho watu hukisifu kwa bei yake. Mngekijaribuje bila kujua bei?
3. Kikundi chenu kikiwa na fedha za kununua amplifaya kubwa, au amplifaya ndogo na spika mbili nzuri, mngechagua nini, na kwa sababu gani?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.