Jiko, Samadi na Hesabu ya Kaboni: Nishati Ndogo za Afrika Mashariki katika Soko la Dunia

Biashara ya kaboni, yaani utaratibu unaomruhusu mtoaji wa gesijoto kulipia upunguzaji wa gesi hizo uliofanyika mahali pengine na kuuhesabu kuwa wake, ilitungwa na watu waliokuwa wakifikiria viwanda, mitambo ya umeme na mabomba marefu ya moshi. Majiko banifu na mitambo ya bayogesi ya Afrika Mashariki vilikuwapo kabla yake kwa miaka kumi na zaidi, na vilipoingizwa katika soko hilo ilibidi kanuni zitungwe, zifutwe na kutungwa upya ili moto wa jikoni upate kuhesabika kwa tani.

Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa uliitisha jijini Nairobi mkutano kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati, wakati ambapo bei ya petroli ilikuwa imezitikisa nchi changa na wataalamu wengi walihofia kwamba kuni nazo zilikuwa zikielekea kwisha. Katika miaka iliyofuata mbunifu Max Kinyanjui, pamoja na mashirika ya Kenya, likiwamo KENGO, na kwa msaada wa fedha za Marekani, walichukua wazo la jiko la ndoo lililokuwa likitumika Thailand, wakaliunganisha na jiko la bati ambalo mafundi wa jua kali wa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, walikuwa wakilifua kwa mabati chakavu. Jiko lililopatikana lilibanwa kiunoni, na nusu yake ya juu iliwekewa kikombe cha udongo wa kuchomwa chenye matundu chini, ambacho huzuia joto lisipotelee pembeni na hivyo huokoa kati ya theluthi na nusu ya mkaa jiko likitumiwa vizuri. Majiko ya mwanzo yalikuwa ghali na vikombe vyake vilipasuka upesi, lakini kwa kuwa ubunifu huo haukufungwa kwa hataza, mafundi waliigana na kushindana hadi ubora ukapanda na bei ikashuka sana. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 mamia ya maelfu ya majiko hayo yalikuwa yamekwisha kuuzwa Kenya, na umbo lake lilikuwa limevuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na kwingineko. Hapakuwa na hati hata moja ya kaboni iliyolipia kazi hiyo.

Bayogesi, ambayo ni gesi ya kupikia inayotokana na samadi inayooza ndani ya shimo lisilopitisha hewa, ilipita njia nyingine. Nchini Tanzania shirika la viwanda vidogo, SIDO, lilianza kuieneza mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 kituo cha teknolojia cha CAMARTEC cha Arusha, kikishirikiana na wataalamu wa Kijerumani, kilisanifu mtambo wa kujengwa kwa matofali chini ya ardhi, uliowafaa wafugaji wenye ng'ombe wachache wa kufugia bandani. Tofauti na jiko, mtambo kama huo ulihitaji saruji, fundi mwashi aliyefunzwa na fedha nyingi kwa mkupuo, hivyo ulienea polepole na kwa kutegemea wafadhili.

Itifaki ya Kyoto, mapatano ya kimataifa ya kupunguza gesijoto, ilipitishwa Desemba 1997 na kuanza kutumika Februari 2005. Kifungu chake cha 12 kiliunda Mfumo wa Maendeleo Safi, ambao kwa njia yake nchi tajiri zilizofungwa na viwango vya upunguzaji ziliweza kununua hati kutoka miradi ya nchi zinazoendelea, kila hati ikiwakilisha tani moja ya kaboni dioksaidi au kiasi cha gesi nyingine chenye athari inayolingana nayo. Kwa makubaliano ya Marrakech ya mwaka 2001, miradi ya nishati jadidifu isiyozidi megawati 15 iliitwa midogo na kupewa taratibu nyepesi. Hata hivyo, megawati 15 ni umeme wa mji, na mradi uliokuwa mdogo kwa kipimo hicho bado ulilazimika kuwalipa wakaguzi wa kimataifa kabla ya kusajiliwa na tena kabla ya kupata hati, gharama ambazo hazikupungua kwa sababu tu mwenye mradi ni maskini. Upande wa pili walikuwapo wenye viwanda, hasa vya China na India, waliochoma gesi taka iitwayo HFC-23. Tani moja ya gesi hiyo ilihesabiwa kuwa sawa na tani 11,700 za kaboni dioksaidi, na mtambo mmoja ulizalisha hati nyingi kuliko wilaya nzima ya majiko. Mkutano wa tabianchi wa Nairobi wa Novemba 2006 ulikiri kwamba Afrika ilikuwa imepata sehemu ndogo mno ya miradi, na mwaka 2007 zikatoka kanuni za kukusanya shughuli ndogo nyingi chini ya usajili mmoja.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa kuni zenyewe. Katika sekta ya ardhi mfumo ulikubali upandaji wa misitu tu, haukukubali hati kwa misitu iliyonusurika kukatwa, na mwishoni mwa 2005 bodi yake ilifuta njia ya kuhesabu iliyotegemea kuokoa kuni, kwa hoja kwamba jiko linalookoa kuni linaokoa msitu. Miradi miwili ya bayogesi ya Nepal, nchi iliyokuwa ikijenga mitambo hiyo kwa mpango maalumu tangu 1992, ilisajiliwa Desemba 2005 kwa njia ya zamani, na waliofuata wakafungiwa mlango. Mlango ulifunguliwa mwanzoni mwa 2008 kwa kanuni mpya zenye dhana ya ajabu: mpishi wa kuni alichukuliwa kana kwamba, bila mradi, angepikia nishati ya kisukuku kama mafuta ya taa, gesi ya mtungi au makaa ya mawe, na kaboni aliyoiokoa ikahesabiwa kwa kipimo cha nishati hizo. Hivyo maelfu ya wanawake ambao hawakuwahi kumudu mtungi wa gesi waliingia katika vitabu vya dunia kama watu walioacha kuutumia.

Sharti jingine lilikuwa la nyongeza, linalomtaka mwenye mradi athibitishe kwamba bila fedha za kaboni mradi usingefanyika. Sharti hilo ni la haki, kwa maana hati ya jambo ambalo lingetokea hata hivyo humpa mnunuzi ruhusa ya kuchafua bila fidia yoyote. Lakini matokeo yake ni kwamba fundi wa Shauri Moyo, aliyeuza kwa mtaji wake bila ruzuku, ndiye aliyekuwa na ushahidi dhaifu kuliko wote. Walioweza kuandaa hesabu na kumudu wakaguzi walikuwa makampuni na mashirika. Jijini Kampala, Ugastove, karakana iliyokua kuwa kiwanda, ilikuwa miongoni mwa watengeneza majiko wa kwanza barani kuuza hati, kupitia soko la hiari, lililo nje ya mfumo wa Kyoto, na kiwango cha Gold Standard kilichoanzishwa mwaka 2003. Bayogesi nayo ilifuata, na programu ya Kenya iliyozaliwa na ushirika wa nchi za Afrika wa mwaka 2009 uliofadhiliwa na Uholanzi ilipata hati zake kwa kiwango hicho hicho. Soko la hiari lilikuwa kimbilio hasa baada ya bei ya hati za Kyoto, iliyovuka yuro 20 mwaka 2008, kuanguka chini ya yuro 1 kufikia mwisho wa 2012.

Uzito wa hesabu nzima uliegemea namba moja, yaani sehemu ya kuni ambayo ikikatwa haioti tena kwa kasi ya kufidia. Mwaka 2012 bodi ya mfumo iliidhinisha viwango vya kitaifa, na Tanzania ikapewa asilimia 96. Uchunguzi wa Robert Bailis na wenzake uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba duniani sehemu hiyo ni kati ya asilimia 27 na 34, na Januari 2024 watafiti Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya walionyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilikuwa imepewa hati takribani mara tisa ya ilichostahili. Kammen ni yule yule aliyelichunguza na kulisifu jiko la Kenya katika miaka ya 1990, na kasoro aliyoifichua iko katika vitabu, haiko katika udongo wala bati. Jiko linaendelea kuokoa mkaa na kupunguza moshi. Kilichoharibika ni imani ya mnunuzi, na bei ya hati inaposhuka anayeumia kwanza ni mpishi aliyekuwa akiuziwa jiko kwa nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo malipo yake pekee katika miradi mingi, kwa sababu anaponunua jiko hutakiwa kukubali kwamba haki ya kaboni ni ya mwenye mradi. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris wa tabianchi, ambacho kanuni zake zilikubaliwa Glasgow mwaka 2021, kimeongeza mdai mwingine, yaani serikali, kwa kuwa nchi inayoruhusu hati iuzwe kwa nchi nyingine inalazimika kuzitoa tani hizo katika hesabu yake yenyewe. Kenya ilirekebisha sheria yake ya tabianchi mwaka 2023, ikaagiza jamii zipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi na asilimia 25 ya mapato ya miradi mingineyo. Lakini mikataba ya jamii inayotajwa humo imefungamanishwa na ardhi ya umma na ya jamii, ilhali wenye majiko wametawanyika katika vyumba vya kupanga na nyumba zao binafsi, bila baraza, bila mwakilishi na bila nakala ya hesabu iliyofanywa kwa moto wao.